Kichwa cha Tano

Cherehani ilikuwa imefunikwa. Hilo tu ndilo lililoanzisha mambo yote. Mhakiki alikuwa amerudi nyumbani saa nne asubuhi kuchukua muhuri wa kazi aliousahau juu ya kabati, akakuta mlango umefungwa kwa ufunguo, baraza tupu, na mashine ya mkewe imefunikwa shuka gubigubi. Ilikuwa Jumanne, siku ya kazi, na mkewe alikuwa fundi cherehani mwenye sare arobaini za shule za kumaliza kabla ya mwisho wa mwezi. Mtu mwingine angechukua muhuri wake akaenda zake. Yeye aliinua shuka, akaweka kiganja juu ya mota ya mashine. Ilikuwa baridi. Haikuwa imeshona hata mshono mmoja tangu kupambazuke.

Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Kazi ndiyo iliyomfanya vile. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akizunguka ofisi za umma na orodha mkononi, akiwasaka watumishi hewa, wale wenye jina na mshahara lakini hawana kichwa wala miguu. Anaita jina, anamtazama mtu, anatazama kitambulisho, anamtazama mtu tena, ndipo anatia tiki. Wafanyakazi waliomwona akiingia mlangoni walijikuta wakijipapasa, wasiwe na uhakika kama kweli wapo. Mtaani walimwita Mhakiki, hata mkewe alimwita hivyo akikasirika, na katika nyumba yake hakikuliwa kipande cha mkate bila yeye kujua kimeliwa na nani.

Jioni alisubiri mpaka chai ilipomiminwa.

"Leo saa nne ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda dukani," mkewe alisema. "Kutafuta vifungo."

"Vifungo gani?"

"Vya sare. Vyeusi."

"Viko wapi?"

"Sikuvipata."

"Kuanzia saa tatu mpaka saa sita, mji mzima hauna vifungo vyeusi?"

Mkewe aliweka kikombe chini polepole. "Na wewe umejuaje kwamba nilirudi saa sita?"

Alikuwa amemuuliza jirani, lakini hilo hakutaka kulisema. Binti yao, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa meza, alicheka kicheko cha kulazimisha.

"Baba, hapa si ofisini. Au unataka tujipange foleni?"

"Sijasema na wewe."

"Haya, mimi nipo, tia tiki." Binti akanyanyuka na vyombo, na alipopita nyuma ya kiti cha mama yake alimgusa bega. Ulikuwa mguso mdogo sana. Mhakiki aliuona.

Huyo ndiye mtoto wao pekee, na alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, mwaka wa mwisho. Alikuwa akisomea lugha na ustaarabu wa kale: Kilatini, Kigiriki, na habari za watu waliokufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Mhakiki hakuwahi kuielewa vizuri kozi hiyo. "Lugha ambazo wenyewe wote wameshakufa," aliwaambia wenzake kazini, "sasa nani atamwambia amekosea?" Lakini alisema hivyo kwa majigambo, na msumari wa kutundikia picha ya mahafali alikuwa keshaupigilia sebuleni, katikati kabisa, mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuuona.

Usiku huo hakulala vizuri. Alhamisi alimpigia jirani simu kutoka kazini. Mashine imefunikwa, jirani akasema, na mama katoka amebeba mkoba, kavaa lile gauni lake la bluu. Mhakiki akafungua daftari lake dogo, akaandika: Alhamisi, saa tatu, gauni la bluu. Gauni lile mkewe alilivaa kwenye harusi tu.

Jumamosi kifungo cha shati lake kilidondoka. Mkewe alikuwa bombani, basi akafungua mwenyewe kopo la vifaa vya kushonea. Chini ya mikasi na chaki kulikuwa na vipande vya karatasi ambavyo fundi hukatia ruwaza za kola na mifuko. Mkewe alitumia karatasi yoyote, magazeti, bahasha, kalenda za zamani. Kimoja kati ya vipande hivyo kilikuwa cheupe, kimekatwa umbo la mfuko, na juu yake palikuwa na mwandiko wa wino mwekundu, mwandiko wa mwanamume, wa mtu mzima aliyesoma. Uliandikwa hivi: Vizuri sana, umenifurahisha. Alhamisi njoo mapema kidogo, tuanze kabla wenzako hawajafika.

Aliusoma mara tatu. Akakaa kwenye kiti cha mkewe. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, mkewe arobaini na sita, na mtu fulani mwenye kalamu nyekundu alikuwa anafurahishwa. Na hao wenzake ni kina nani? Akajiuliza kama yupo mmoja au wapo wengi, akaona aibu kujiuliza hivyo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Barazani mkewe alikuwa amerudi kwenye mashine, akishona na kunong'ona chini kwa chini kama kawaida yake siku hizi, kitu kama wimbo usio na tuni.

"Kopo langu unalitakia nini?" aliuliza alipomwona mlangoni.

"Kifungo."

"Lete nikushonee."

Akamshonea. Alimkaribia kifuani, akakata uzi kwa meno kama alivyofanya miaka yote, na Mhakiki akasimama wima na kipande cha karatasi mfukoni, akimchukia na kuogopa kumpoteza kwa wakati mmoja.

"Mbona unapumua hivyo?" mkewe aliuliza.

"Hamna kitu."

*

Jumatatu mkuu wa kitengo alimwita ofisini. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, na watu walimwogopa zaidi kwa sababu ya sauti hiyo.

"Kuna jalada la chuo kikuu," alisema. "Baraza la chuo limepitisha kwamba kozi yoyote yenye wanafunzi pungufu ya watano inafungwa mwisho wa muhula huu. Sasa wana wasiwasi kwamba idara ndogo ndogo zimeanza kuingiza wanafunzi hewa ili zifike watano. Wanataka mtu wa nje ahakiki. Nimekufikiria wewe."

"Na kozi ikifungwa, waliomo wanapelekwa wapi?"

"Wanahamishiwa kozi nyingine. Wanaanza upya mwaka wa kwanza." Akamsogezea jalada. "Usije ukaanza kuwahurumia."

Mhakiki alilifungua mezani pake. Ukurasa wa nne ulikuwa na kichwa cha habari, Lugha na Ustaarabu wa Kale, na chini yake majina matano. La kwanza lilikuwa la binti yake. Matatu yaliyofuata hakuyajua. La tano lilikuwa la mkewe, majina yake yote matatu, na tarehe ya kuzaliwa, na namba ya kitambulisho cha taifa ambayo Mhakiki aliijua kwa kichwa.

Alilitazama jina lile mpaka likaanza kumchezea machoni. Kisha akaelewa, au tuseme akadhani ameelewa. Miaka kumi na tisa alikuwa ameona hila za kila namna. Aliwahi kukuta mlinzi aliyeandikishwa mara mbili, na mhasibu aliyemwajiri bibi yake aliyekuwa kaburini. Hii ilikuwa ya kawaida kabisa: idara imekosa mtu wa tano, binti amechukua kitambulisho cha mama yake sandukuni, akampa mwalimu, wakajaza jina. Binti yake mwenyewe! Mtoto aliyelelewa na Mhakiki amezalisha mwanafunzi hewa, tena ndani ya nyumba ya Mhakiki.

Kwamba lile gauni la bluu na jina hili vingeweza kuwa jambo moja, halikumpitia akilini hata kidogo. Mkewe alikuwa mtu wa kola na mifuko. Mambo ya nyumbani aliyaweka upande mmoja wa kichwa, ya kazini upande mwingine, na alijisifu kwamba hayachanganyi.

Kanuni ilikuwa wazi. Mhakiki akikuta jina la ndugu yake kwenye orodha anarudisha jalada, anapewa mwingine. Na hakuna jina linaloamuliwa bila mhakiki kufika na kuona kwa macho. Alizijua kanuni hizo kuliko mtu yeyote, na baadhi aliziandika yeye. Lakini kurudisha jalada kungekuwa kusema mbele ya kitengo kizima kwamba nyumba yake ina hewa. Akajiambia kwamba ni heri amkamate yeye mwenyewe, hadharani, bila upendeleo. Watasema, jamaa hakumwacha hata mwanawe. Aliiona picha hiyo, na kusema kweli ilimpendeza.

Akaandika kwa mkono wake, kwa herufi zake zilizosimama wima: Namba tano si mwanafunzi. Ni mama wa nyumbani anayeshona nguo barazani. Ni mke wa mhakiki aliyetia saini hapa chini. Hana uwezo wa kusoma kozi hii na hajawahi kukanyaga chuoni. Naliondoa jina lake. Waliobaki ni wanne.

Mkuu wa kitengo aliisoma Jumanne asubuhi, akavua miwani.

"Hili jalada ulipaswa kulirudisha."

"Najua, mkuu. Ila nisingekuwa na upendeleo, na unaona sikuwa nao."

"Ulikwenda kuona?"

"Hakuna haja ya kwenda. Naishi naye."

Mkuu alivaa tena miwani. "Una uhakika?"

"Asilimia mia."

Mama yule akagonga muhuri, na jalada likaondoka na tarishi wa saa sita.

*

Alhamisi aliomba ruhusa, akasema anaumwa jino. Jino hakuwa anaumwa. Alisimama nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mkabala na njia ya kwao, akijifanya anachagua rangi. Ilipogonga saa mbili na nusu mkewe akatoka na gauni la bluu na mkoba begani. Alitembea haraka, kichwa juu, midomo ikimcheza, na mara moja alisimama katikati ya njia, akafumba macho, kisha akatabasamu peke yake na kuendelea. Mhakiki aliumia rohoni. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona mkewe akitabasamu hivyo.

Alimfuata hatua hamsini nyuma. Alipoona anaelekea chuo kikuu hakushangaa, maana mwandiko ule ulikuwa wa msomi. Mkewe akatoa kadi mkobani, akaionyesha getini, akapita. Mhakiki naye akatoa kitambulisho chake cha kazi, kilichofungua mageti yote ya mji ule. Jengo lilikuwa kuukuu, lifti mbovu imewekewa kiti mlangoni, ngazi zimelika katikati. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na mlango ulioachwa wazi kidogo, na ndani sauti ya mwanamume mzee ikasema, "Karibu, karibu. Afadhali umewahi."

Mhakiki alikunja ngumi. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na sasa yote yalikuwa yameyeyuka. Akangoja. Alitaka kuwafumania vizuri, wasipate pa kusingizia. Wakati huo huo vijana watatu wakapanda ngazi wakicheka, wakampita, wakaingia mle mle. Baada yao akaja binti yake mwenyewe, mbio, na vitabu kifuani. Binti alimwona. Alisimama ghafla, halafu akaingia na kuuacha mlango wazi kabisa.

Ndani kulikuwa na meza moja ndefu. Mwalimu alikuwa mzee mwembamba mwenye sweta lililotoboka viwiko, kalamu nyekundu sikioni. Mkewe alikuwa amekaa katikati ya vijana, miwani ya kushonea puani, kidole juu ya mstari, akisoma lugha ambayo Mhakiki hakuijua. Sauti ilikuwa ile ile ya kunong'ona kwenye mashine, sasa imepanda, imenyooka. Alisoma sentensi nzima, akapumua, akaifasiri: "Mwanamke alichukua vazi, akalikunja pindo..." Akarudisha kidole nyuma. "Hapana. Mwalimu, hapa pana kasoro."

"Kasoro gani?"

"Kitabu kinasema pindo. Lakini juzi ulitufundisha kwamba nguo zao zilifumwa nzima nzima, hazikukatwa. Nguo iliyotoka kwenye mtambo wa kufumia haina haja ya kupindwa, ukingo wake umeshafungwa. Ninachoona mimi, alishika ukingo tu, akaukunja mkononi ili asiukanyage. Fundi ukimwambia akunje pindo la nguo isiyokatwa atakucheka."

Mwalimu alichukua kitabu, akakisogeza karibu na macho, akausoma tena mstari ule. "Miaka thelathini nafundisha ukurasa huu," alisema mwishowe. "Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo." Akatoa kalamu sikioni, akaandika pembeni mwa kitabu.

Mhakiki alihesabu. Hakukusudia, ni mazoea. Vijana watatu, binti yake, mkewe. Vichwa vitano. Akahesabu tena kwa kuanzia upande wa pili, na vilikuwa vitano vile vile, vyote vina macho na masikio. Ndipo akaikumbuka ile karatasi aliyoitia saini.

Mkewe aliinua macho akamwona. Hakustuka. Alivua miwani, akamtazama kama mtu aliyekuwa akitegemea siku hii.

"Kuna jambo, bwana?" mwalimu aliuliza kwa adabu.

"Samahani," alisema Mhakiki. "Nimekosea mlango."

*

"Jalada limeshafika kwenye baraza," alisema mkuu wa kitengo. "Wamelijadili jana. Nakala zimetumwa kwa wote waliotajwa."

"Naomba kuiondoa ripoti, mkuu."

"Ripoti haiondolewi. Inapingwa. Uandike barua useme uliamua juu ya kichwa ambacho hukukiona, na kwamba ni cha ndugu yako." Sauti yake ndogo ilizidi kuwa ndogo. "Unajua mwenyewe kanuni inasemaje juu ya mtu wa namna hiyo. Wangapi umewaandikia wewe?"

Alikuwa amewaandikia saba. Mmoja wao bado walikutana sokoni, na hawakusalimiana.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemlazimisha. Angebaki na kazi yake na jina lake, na binti angeanza mwaka wa kwanza wa kozi nyingine akiwa na miaka ishirini na tatu, na mkewe angerudi kwenye vifungo. Alikaa na kalamu mkononi mpaka wenzake walipotoka kula na wakarudi. Alipoandika, aliandika mistari minne tu, akiwa na hasira dhidi ya kila mtu, kuanzia yeye mwenyewe. Kabla ya saa tisa alikuwa na barua yake ya kusimamishwa kazi, kupisha uchunguzi.

Aliporudi nyumbani nakala ilikuwa imeshafika. Mkewe alikuwa ameishika, amekaa kwenye kiti cha mashine, na binti amesimama nyuma yake, macho mekundu.

"Kaa," alisema mkewe. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, polepole, kama alivyosoma mle darasani. "Hana uwezo." Akarudia. "Hana uwezo wa kusoma kozi hii."

"Sikujua."

"Hilo naliona."

"Mngeniambia! Mnatoka kisirisiri, mnadanganya vifungo, mimi nitajuaje?"

"Tungekuambia ungedai ushahidi, baba," alisema binti. "Mwenzetu mmoja alihama wiki ya kwanza ya muhula. Tukabaki wanne. Mimi ndiye niliyemwomba mama. Ana vyeti vyake vya shule, akafanya mtihani wa kuingia wa watu wazima, akapita, na kwa uchache wetu tunasoma wa miaka yote pamoja. Hakuna uongo hata mmoja kwenye lile jina. Nilimwambia tunakuambia matokeo yakitoka. Nilitaka uone alama kwanza."

"Mwanzo nilikwenda kwa ajili yake," alisema mkewe. "Nikajua nitakaa tu kama gunia, nihesabiwe. Wiki ya pili nikaanza kusikia. Ya tatu nikawa nashona huku nasoma, hapa hapa barazani, mbele yako. Wewe ulifikiri naimba."

Mhakiki akatoa kile kipande cha karatasi mfukoni, akakiweka juu ya mashine. Hakujua kwa nini alikitoa. Labda alitaka naye aonekane ameumizwa.

Mkewe alikigeuza. "Hili ni jaribio langu la kwanza. Mwalimu aliniambia niwahi anionyeshe nilipokosea, nisiaibike mbele ya watoto." Akamtazama mumewe, na taratibu akaelewa. "Ulidhani nini?"

Mhakiki alikitazama kile kipande.

"Ndiyo maana ulinifuata? Ulidhani nina mwanamume?" Akaanza kucheka, kicheko cha kweli, mpaka akashika ubavu. Kisha kikakatika. "Hilo uliweza kulifikiria," alisema. "La mwanamume uliliona linawezekana. La kusoma ndilo hukuliona."

Akainuka, akaingia ndani, na jioni ile chai kila mtu alijimiminia mwenyewe.

*

Barua yake ilifanya kazi, angalau nusu. Baraza lilikubali namba tano ihakikiwe upya Jumanne, na mtu mwingine, mbele ya darasa. Ikithibitishwa kozi inabaki mpaka waliomo wamalize. Isipothibitishwa, uamuzi wa kuifunga unapitishwa siku hiyo hiyo.

Hakuna aliyemwambia Mhakiki aende. Alivaa koti lake la kazi, akatembea nyuma ya mkewe na bintiye, nao hawakumsubiri wala hawakumfukuza. Getini kitambulisho chake kilikuwa kimeshazuiwa. Ilibidi binti aandike jina lake kwenye kitabu cha wageni, na kwenye nafasi ya sababu ya kuja aliandika: kusindikiza.

Mhakiki mpya alikuwa msichana aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe, mwenye nywele fupi na kalamu tatu mfukoni. Alimwona mwalimu wake wa zamani amesimama mlangoni, akainamisha macho, kisha akafanya kazi kama alivyofundishwa. Aliita jina. Mkewe akasema, "Nipo." Akamtazama, akatazama kadi, akamtazama tena. Akamwomba asome ukurasa wowote. Mkewe akasoma, akafasiri, akakosea neno moja, akajirekebisha. Binti alikuwa ameuma kucha mpaka kwenye nyama.

"Mimi nimeridhika," alisema yule msichana, "lakini kwa sababu jina lilikuwa limeondolewa, fomu inataka mashahidi wawili wa kusema kwamba wamekuwa wakikuona ukisoma. Mmoja awe wa darasani, wa pili awe mtu wa nje, na wasiwe mwalimu wala mtu wa ukoo aliyemo kwenye orodha."

"Mimi shahidi," alisema mmoja wa vijana, na akaandikwa.

"Wa pili?"

Mhakiki alipiga hatua moja mbele. Alikuwa amejiandaa. Usiku kucha alikuwa amejiandaa, na safari hii maneno hayakumkimbia: atasema alimwona kwa macho yake, Alhamisi, saa tatu na robo, ghorofa ya tatu, na atatia saini pale pale juu ya saini yake ya kwanza. Alifurahi kupata pa kuanzia.

"Huyu bwana hayumo kwenye orodha," alisema msichana, akishukuru kupata njia. "Nimwandike mume wako?"

Mkewe alimgeukia Mhakiki. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Ni mume wangu," alisema. "Lakini huyu hanijui. Mwandike mlinzi wa getini."

"Mlinzi?"

"Ananiona kila Jumanne na kila Alhamisi."

Msichana alisita, akamtazama mwalimu, akamtazama Mhakiki, kisha akaandika. "Sawa. Ila lazima aje mwenyewe atie saini, na mimi natakiwa ofisini saa tano. Nani anaweza kwenda kumwita?"

Vijana walikuwa wamekaa, mwalimu alikuwa mzee, na binti aliinamia kitabu. Aliyesimama alikuwa mmoja tu. Mhakiki akageuka, akashuka ngazi. Ghorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza, akivuka ua kwa haraka kadiri magoti yalivyomruhusu, maana saa ilikuwa inakwenda na mwaka wa binti ulikuwa ndani yake.

Mlinzi alikuwa anafagia mbele ya kibanda. Alisikiliza huku ameegemea fagio.

"Mama wa Jumanne na Alhamisi? Mwenye gauni la bluu?" Uso ukamkunjuka. "Yule namjua sana. Hupita hapa anajisomea peke yake, akikosea anarudi nyuma hatua tatu, anaanza upya. Siku moja alinisomea mimi hapa hapa, sikuambulia kitu, lakini alisoma vizuri. Kuna mtu anasema hasomi?"

"Alikuwepo mmoja."

"Mpumbavu gani huyo?" Mlinzi akaweka fagio kando, akavaa kofia yake, akafunga vifungo vya shati mpaka juu. "Twende. Na wewe, bwana, ni nani wake?"

"Nimetumwa tu," alisema Mhakiki, na akatangulia kumwonyesha njia ambayo mlinzi aliijua kuliko yeye.